Maswali ya Wasomaji: Majarida ya Tiba na Mitandao ya Kijamii

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka nyanda za juu kusini zimeuliza, kila moja kwa sura yake, namna majarida ya sayansi ya afya yanavyotumia mitandao ya kijamii na namna msomaji wa huku kwetu anavyopaswa kuyapokea yanayotoka huko. Tumechagua tano. Majina ya walioandika tumeyahifadhi, na barua mbili tumezifupisha bila kugusa maswali yake.

*Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya wilayani Makete. Katika kundi letu la WhatsApp la watumishi wa afya huletwa picha zenye nembo za majarida makubwa kama The Lancet na JAMA, zikiwa na mchoro, tarakimu mbili tatu na sentensi moja ya matokeo. Mganga Mfawidhi wetu anasema hizo ni habari za mitandaoni na tusizitumie. Mimi naona kwamba maadamu zimetolewa na jarida lenyewe, zina uzito ule ule wa jarida. Nani kati yetu yuko sahihi? Na ni kitu gani kimeyapeleka huko majarida yenye heshima hiyo? (Tabibu, Makete)*

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua lile la kwanza. The New England Journal of Medicine limekuwa likichapishwa tangu 1812 na The Lancet tangu 1823, na kwa sehemu kubwa ya umri huo msomaji ndiye aliyelifuata jarida: alilipa ada akangoja posta, au alikwenda maktaba. Intaneti iliugeuza utaratibu huo hatua kwa hatua. BMJ la Uingereza lilifungua tovuti yake mwaka 1995, na mwaka 1998 likaanza kuchapisha humo majibu ya wasomaji bila kusubiri toleo la karatasi. Baadaye zikaja blogu za wahariri, podikasti, taarifa za barua pepe zinazoorodhesha yaliyomo katika kila toleo, kisha kurasa za Facebook na Twitter, ambayo tangu Julai 2023 inaitwa X. Wahariri hawakuingia huko kwa kupenda shamrashamra. Waliona kwamba wasomaji wengi hawapitii tena ukurasa wa mbele wa jarida. Wanaifikia makala moja kupitia injini ya utafutaji au linki waliyotumiwa na mwenzao, wanaisoma au wanaipitisha machoni tu, kisha wanaondoka bila kujua toleo lile lilibeba nini kingine. Jarida lililotaka kuendelea kusomwa lililazimika kumfuata msomaji aliko, na msomaji yuko kwenye simu.

Picha mnazoletewa zina historia yake fupi. Muhtasari wa picha, yaani makala nzima iliyobanwa katika mchoro mmoja, ulianza kutolewa na jarida la upasuaji Annals of Surgery mwezi Julai 2016, kwa ubunifu wa daktari Andrew Ibrahim wa Marekani. Mwaka uliofuata jarida hilo lilichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha machapisho ya Twitter yenye muhtasari wa picha na yale yenye kichwa cha makala peke yake. Yale yenye picha yalisambazwa na wasomaji mara 8.4 ya yale mengine, ilhali idadi ya waliofungua makala yenyewe ilikuwa mara 2.7. Majarida mengi yaliipokea habari hiyo kwa furaha na kuanza kuchora, na kwa haki, kwa sababu mara 2.7 si haba. Lakini tazama pengo lililopo kati ya tarakimu hizo mbili: picha huwafanya watu wasambaze kuliko inavyowafanya wasome, na kundi lenu la WhatsApp ni sehemu ya pengo hilo.

Kwa hiyo kuhusu chanzo cha picha wewe uko sahihi, na kuhusu matumizi yake nasimama na Mganga Mfawidhi wako. Muhtasari wa picha hukuambia kwamba dawa fulani ilipunguza vifo. Kwa kawaida haukuambii ni wagonjwa gani walioachwa nje ya utafiti, dawa ililinganishwa na nini, madhara yake yalikuwa yapi, na nani aliyelipa gharama. Utafiti uliofanyika katika hospitali zenye mashine za kupumulia na maabara inayotoa majibu ndani ya saa moja unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado usimfae mgonjwa wa Makete anayesubiri gari la rufaa kwenda Njombe. Mabadiliko ya tiba katika kituo chako yapitie mwongozo wa taifa wa matibabu wa Wizara ya Afya. Picha ikutume tu kwenda kuitafuta makala.

Na kuitafuta si kugumu kama wengi wanavyodhani. Kila makala ina namba yake ya utambulisho inayoanza na tarakimu 10, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha. Iandike baada ya anwani ya doi.org nawe utafikishwa kwenye ukurasa halisi wa jarida. Isipokuwepo, andika kichwa cha makala kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba. Usipoipata kabisa, ichukulie picha hiyo kuwa haina mwenyewe, kwa maana nembo ya jarida inaweza kubandikwa na yeyote mwenye simu. Ikiwa makala inahitaji malipo, uliza chuo au hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kama imejiandikisha katika mpango wa HINARI, ambao Shirika la Afya Duniani na wachapishaji waliuanzisha mwaka 2002; taasisi za Tanzania zimo katika kundi linalosoma bila malipo, na nywila huwa kwa mkutubi. Kwa mtandao wa simu unaosuasua kama wa milimani huko, ningekushauri pia uache kutegemea video na picha, ujisajili kupokea taarifa za barua pepe za PubMed kuhusu magonjwa mawili au matatu unayokutana nayo zaidi. Ujumbe wa maandishi matupu unakula bando kidogo mno na unafika hata usiku wa mvua.

*Shikamoo Mhariri. Ninasoma mwaka wa nne wa udaktari hapa Mbeya. Tulipewa makala ya utafiti wa kifua kikuu tuijadili, nikagundua kwamba katika jedwali la pili idadi ya wagonjwa waliomaliza dozi hailingani na asilimia iliyoandikwa pembeni yake, na hitimisho la makala limeegemea asilimia hiyo. Chini ya makala hakuna mahali pa kuandika maoni. Mwalimu wetu amesema niliandikie jarida. Wenzangu wanasema barua haisomwi na mtu, niiweke kwenye X na kulitaja jarida ili lijibu mbele ya watu. Nifanye lipi? Na kwa nini majarida haya yana kila kitu isipokuwa sanduku la maoni? (Mwanafunzi, Mbeya)*

Marahaba, binti. Sanduku la maoni lilikuwepo, na katika majarida kadhaa bado lipo. Walioadimika ni waandikaji.

Mwaka 2006 jarida la Nature lilifanya jaribio la miezi michache, ambapo waandishi wa makala zilizokuwa zinahakikiwa waliombwa waziweke hadharani ili wanataaluma wengine wazitolee maoni kwa majina yao, huku uhakiki wa kawaida ukiendelea pembeni. Kati ya makala 1,369, waandishi wa makala 71 tu ndio waliokubali, na katika hizo 71, makala 33 hazikuambulia hata neno moja. Desemba ya mwaka huo huo PLOS ONE lilianza kutoka likiwa limejengwa tangu msingi ili msomaji aweze kuandika maoni juu ya makala, na bado makala zake nyingi zilibaki kimya. Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa la PubMed yenyewe, hifadhi inayotumiwa na karibu kila mtu wa tiba duniani. Oktoba 2013 ilifungua huduma iliyoitwa PubMed Commons, ambayo ilimruhusu mtafiti mwenye makala humo kutoa maoni chini ya makala ya mwenzake kwa jina lake kamili. Wewe, kwa kuwa bado hujachapisha, usingeruhusiwa. Mwanzoni mwa 2018 huduma hiyo ilifungwa: kati ya makala zaidi ya milioni 28, ni kama 6,000 tu ndizo zilizokuwa zimetolewa maoni.

Wengine husema watafiti ni wavivu wa kujadiliana. Sikubaliani nao, kwa kuwa watu hao hao hukesha wakibishana kwenye X. Nionavyo mimi, mtafiti anayeandika maoni chini ya makala hapati chochote kinachohesabiwa anapoomba kupandishwa cheo, na anaweza kupoteza kingi, kwa sababu profesa anayemkosoa leo huenda ndiye atakayehakiki ombi lake la fedha za utafiti kesho. Hapa kwetu, ambako wataalamu wa fani moja wanajuana kwa majina na aliyekusomesha ni kama mzazi wako, uzito huo ni mara mbili. Kuna sababu nyingine ambayo watengenezaji wa tovuti hawapendi kuisikia: sanduku lisilo na msimamizi halimwiti mtu. Majibu ya haraka ya BMJ yamedumu tangu 1998 kwa sababu kila jibu husomwa na mhariri kabla ya kuwekwa, na barua zinazochapishwa katika jarida huchaguliwa kutoka humo. Aandikaye anajua kuna mtu upande wa pili, na kwamba maneno yake yanaweza kupanda daraja. PubMed Commons ilikuwa na programu nzuri. Uhariri wa namna hiyo haikuwa nao.

Wenzako nao hawakukosea kabisa kuhusu nguvu ya hadhara. Tarehe 22 Mei 2020 The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua taarifa za wagonjwa wa Korona wapatao 96,000 kutoka hospitali 671 duniani, ikihitimisha kwamba hydroxychloroquine ilihusiana na ongezeko la vifo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Wakati huo huo watafiti walianza kuulizana mitandaoni kuhusu tarakimu zilizomo, na kufikia tarehe 28 Mei zaidi ya mia moja kati yao walikuwa wametia saini barua ya wazi kwa jarida. Mojawapo ya hoja zao ilihusu bara letu: ili takwimu zile ziwe kweli, takriban robo ya wagonjwa wote wa Korona wa Afrika kwa wakati ule wangekuwa wametibiwa katika hospitali zilizounganishwa na kampuni moja tu, ile iliyotoa takwimu za makala hiyo, na zenye kumbukumbu za kielektroniki za hali ya juu. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta faili la mgonjwa kwenye rafu ya hospitali ya wilaya angeweza kuuliza swali hilo. Waandishi watatu kati ya wanne waliiondoa makala yao tarehe 4 Juni, siku kumi na tatu baada ya kuchapishwa, ilhali makala ya Andrew Wakefield iliyodai kuwepo uhusiano kati ya chanjo na usonji, iliyotoka katika jarida hilo hilo mwaka 1998, haikuondolewa hadi 2010.

Lakini tazama vizuri kilichotokea. Maswali yalizaliwa katika mitandao. Kilicholifikisha jambo mwisho ni barua iliyoandikwa kwa adabu, yenye hoja zilizopangwa na majina ya walioiandika, ikapelekwa kwa mhariri. Kelele peke yake isingetosha, wala barua ya mtu mmoja huenda isingeharakisha kiasi kile.

Sasa nije kwako. Rudia hesabu zako mbele ya mwalimu wa takwimu, kwa sababu mara nyingi asilimia isiyolingana inatokana na wagonjwa walioondolewa kwenye hesabu, na maelezo yake yamo katika tanbihi chini ya jedwali. Ikibaki vilevile, mwandikie mwandishi wa mawasiliano ambaye barua pepe yake ipo kwenye ukurasa wa kwanza, umwulize bila kumtuhumu. Tofauti ya uchapaji na udanganyifu ni vitu viwili, na wewe huna ushahidi wa hicho cha pili. Asipojibu, liandikie jarida kama mwalimu wako alivyosema, na uangalie masharti yake mapema, kwa maana mengine ni makali: The New England Journal of Medicine, kwa mfano, hupokea barua zisizozidi maneno 175 ndani ya wiki tatu tangu makala kutoka. Muda wa barua ukiwa umepita, unaweza kumwandikia mhariri ombi la masahihisho, ambalo halina kikomo hicho, au kuweka hoja yako kwenye PubPeer, tovuti iliyoanzishwa 2012 ambayo inakubali maoni hata ya asiyetaja jina. Huko ndiko kasoro nyingi za picha za maabara zilikoanikwa, zikiwemo zilizogunduliwa na Elisabeth Bik, ambaye mwaka 2016 pamoja na wenzake walichapisha uchunguzi wa makala 20,621 na kukuta asilimia 3.8 zina picha zenye utata. Ukiisha kufika hapo, waweza kuweka linki kwenye X ukipenda. Ukianza na X, mwandishi atakujibu kama mtu aliyetukanwa sokoni, na jedwali litabaki lilivyo.

*Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tukuyu na nimezeeka na chai. Mjukuu wangu alinifungulia makala ya kitabibu kuhusu unywaji wa chai na shinikizo la damu, nikaona pembeni kuna mduara wa rangi nyingi wenye namba kubwa katikati. Je, hiyo ni alama ya ubora, kama tulivyokuwa tukitoa darasani? (Mwalimu mstaafu, Rungwe)*

Hapana, Mwalimu. Mduara huo ni wa kampuni iitwayo Altmetric, iliyoanzishwa 2011, na namba yake inaonyesha ni kwa kiasi gani makala imetajwa katika magazeti, blogu, X, Facebook na kwingineko. Kila rangi ni mahali: nyekundu ni vyombo vya habari, samawati ni X, njano ni blogu. Kutajwa na gazeti kuna uzito mkubwa kuliko kutajwa na mtu mmoja kwenye X, lakini mfumo hauulizi kama aliyetaja alisifu au alilaani. Ile makala ya Wakefield niliyoitaja hapo juu ina namba kubwa mno hadi leo. Ubonyeze mduara wenyewe, utafunguka na kukuonyesha walioitaja na walichosema. Hapo ndipo penye faida. Kuhusu chai, mwulize daktari wako.

*Kwa Mhariri. Ninasaidia kuhariri jarida dogo la afya la chuo kimoja mkoani Iringa, linalotoka mara mbili kwa mwaka. Uongozi umetutaka tufungue kurasa Facebook, Instagram, X, TikTok na YouTube kwa pamoja ili makala zetu zisomwe na zinukuliwe zaidi. Tupo wawili, na sote tunafundisha. Je, kuna ushahidi kwamba juhudi hizo zinalipa? (Mhariri msaidizi, Iringa)*

Ushahidi upo, na unapingana, kwa namna ambayo ina mafunzo kwa watu wawili wenye vipindi vya kufundisha.

Jarida la moyo Circulation la Marekani lilifanya jambo ambalo wengi wanaozungumzia mitandao hawalifanyi: lilitumia bahati nasibu. Makala 243 ziligawanywa bila upendeleo katika makundi mawili, moja likatangazwa kwenye Facebook na Twitter za jarida na jingine likaachwa. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba ndani ya siku 30 makala ya katikati ya kundi lililotangazwa, zikipangwa kwa idadi ya kufunguliwa, ilifunguliwa mara 409 na ya kundi jingine mara 392, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Upande wa pili, mtandao wa madaktari bingwa wa upasuaji wa kifua uligawanya makala 112 kwa namna hiyo hiyo, na baada ya mwaka mmoja zile zilizotangazwa zilikuwa zimeongeza wastani wa nukuu 3.1, zile nyingine 0.7. Kisha mwaka 2024 PLOS ONE likachapisha jaribio la watafiti wa fani nyingine, nje ya tiba, ambalo lilikuta upakuaji unapanda siku ya tangazo ilhali nukuu hazikuongezeka kwa kiwango kinachopimika hata baada ya miaka mitatu.

Ukiniuliza tofauti imetoka wapi, nitakuelekeza kwa aliyetangaza. Circulation lilitangaza kama jarida, kwa sauti ya ofisi. Wapasuaji walitangaza kama watu, kila mmoja akiwa na wafuasi wa fani yake wanaomfahamu na wanaoweza kumwuliza kitu akajibu. Huo ni ufafanuzi wangu na mwingine anaweza kuwa na wake, lakini unaendana na yale tuliyoyaona kwenye masanduku ya maoni: chombo kisicho na mtu anayekijibia hudumaa.

Kwa hiyo ningewaombea kwa uongozi wenu ruhusa ya kufanya kidogo. Kabla ya ukurasa wowote, hakikisheni kila makala ina namba ya kudumu ya utambulisho na kwamba faili lake linafunguka kwenye simu ya kawaida, kwa sababu tangazo linalompeleka msomaji kwenye ukurasa uliokufa ni hasara mara mbili. Kama bado hamjaingia African Journals Online, hifadhi iliyoanzishwa 1998 yenye majarida ya Afrika, likiwemo Tanzania Journal of Health Research la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ombeni kuingia. Makala ikiwa humo inaonekana na injini za utafutaji bila ninyi kulala macho. Baada ya hapo fungueni mahali pamoja tu, na mpachague kwa kuwauliza wasomaji wenu wenyewe. Sitashangaa kama watumishi wa hospitali za Iringa, Mafinga na Makambako watawaambia WhatsApp.

Jambo ambalo ningelipa nafasi kuliko kurasa hizo zote ni muhtasari wa Kiswahili. Watu wa Mbeya wameshiriki kwa miaka mingi katika tafiti za VVU na kifua kikuu zinazofanywa na kituo cha NIMR jijini humo pamoja na washirika wake wa nje, na matokeo yake yamesomwa katika majarida ya Ulaya na Marekani. Ni wangapi kati ya waliotoa damu yao waliowahi kusoma, kwa lugha wanayoisema nyumbani, damu hiyo ilifundisha nini? Aya mbili za Kiswahili sanifu chini ya kila makala, zikiandikwa na mwandishi mwenyewe na kupitiwa na mhariri, pamoja na sauti ya dakika tatu ambayo redio za mkoa zinaweza kuirusha, ni kazi ambayo majarida makubwa hayatawafanyia. Mwekeni mtu mmoja mwenye jukumu hilo kwa maandishi, mpunguzieni kipindi kimoja cha kufundisha, na aandikwe jina lake kwenye jarida. Asipopatikana, msifungue ukurasa wowote. Ukurasa wa jarida wenye chapisho la mwisho la miaka mitatu iliyopita huwaambia waandishi kwamba na barua zao zitangojea hivyo hivyo.

TikTok na YouTube ziacheni kwanza.

*Mhariri, mimi ni muuguzi hospitalini Mafinga. Daktari wetu anataka kuandika ripoti ya mgonjwa mwenye kidonda kisicho cha kawaida usoni, na ameniomba nimtumie picha niliyopiga kwa simu yangu ili pia aiweke kwenye mtandao wa madaktari apate maoni ya wenzake. Amesema tutaziba macho ya mgonjwa kwa mstari mweusi. Inatosha? (Muuguzi, Mufindi)*

Haitoshi, dada. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo miongozo yake hufuatwa na majarida mengi, imeandika wazi kwamba kuziba macho si kinga ya kutosha ya utambulisho wa mgonjwa. Katika mji kama Mafinga, kidonda chenyewe pamoja na jina la hospitali vinamtambulisha mtu kwa majirani zake wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe.

Daktari ampate mgonjwa, amweleze kwa lugha anayoielewa kwamba picha itaonekana katika jarida na pia mitandaoni, ambako haiwezi kurudishwa ikishatoka, kisha apate saini kwa kila matumizi. Mambo hayo mawili yatenganishwe, kwa sababu mgonjwa anaweza kukubali jarida na kukataa mitandao, na ana haki hiyo. Atakapokuwa analituma andiko, jarida litaitaka fomu hiyo kabla ya kuchapisha. Madaktari wa mtandaoni huenda wasiiulize, na ndiyo maana picha ianzie kwenye jarida. Wewe usiitume mpaka uione saini. Na ukaangalie simu yako: kama imewekwa kuhifadhi picha zake zenyewe kwenye akaunti ya Google, nakala tayari iko huko, na kama umewahi kuituma kwenye kundi lolote la WhatsApp, waliomo wanaweza kuwa nayo kwenye simu zao. Hamishia picha moja kwenye kumbukumbu za hospitali kwa utaratibu wa Mganga Mfawidhi, kisha ufute hizo nyingine, pamoja na zile zilizo kwenye folda ya vilivyofutwa.